Pop ya saikedeliki yenye giza: inanasa kwa nini, na mbona miksi hii imekuwa ukungu mtupu?

koroboi_7

Wakuu, salaam. Swali lina sehemu mbili, na naona zinakwenda pamoja.

Kwanza, kuna aina hii ya pop inayoimbika kama wimbo wa chekechea. Kiitikio kinakaa kichwani siku nzima, lakini ndani yake kuna kitu kinachosisimua mwili vibaya. Si metali, wala si muziki wa filamu za kutisha. Ni pop ya dakika tatu, ila imeoza mahali fulani. Hapo palipooza, kimuziki, ni wapi hasa? Na kwa nini tunaurudia wimbo badala ya kuukimbia?

Pili ni ya vitendo. Wimbo wenyewe uko hivi: A maina, mapigo 92 kwa dakika, kodi ni Am–F–C–G kwenye beti na kiitikio, urefu dakika 3 na sekunde 10. Kuna sauti moja ya kuimba, gitaa la umeme, besi, dramu za kompyuta na sintesaiza moja. Kila chaneli imewekewa riverbu (mwangwi kama wa ukumbi) ya sekunde 6. Dilei (mwangwi unaorudia sauti) iko kwenye sauti na gitaa, korasi (doido la kuyumbisha pichi, si kiitikio) iko kwenye besi, na kuna kipande kirefu cha maneno kilichogeuzwa nyuma mbele kinachopita wimbo mzima. Matokeo ni ukungu. Hautishi, haupendezi, unachosha tu. Ukizima madoido yote unabaki na wimbo wa mapenzi wa kawaida kabisa.

Nianzie wapi? Naomba namba, si "tumia masikio yako". Masikio yamechoka.

---

nusu_toni

Mkuu, umejijibu mwenyewe kwenye sentensi moja. Kama ukizima madoido unabaki na wimbo wa kawaida, basi giza halikuwahi kuwemo ndani ya wimbo, limepakwa juu. Achana na riverbu kwanza, rudi kwenye kodi.

Kuhusu kinachonasa: ni wimbo mtamu uliopotoka mahali pamoja. Pamoja, si kumi. Sikio linahitaji kitu cha kushika ndipo lijue limenyang'anywa. Ukipotosha kila kitu, msikilizaji anasema "aha, huu ni wa fujo", anaacha kutarajia chochote, na asiyetarajia huwezi kumshtua. Tunaurudia kwa sababu kila mara tunajua pale mahali panakuja, na kila mara panatuteleza vilevile.

Sasa kodi zako. Am–F–C–G ni mzunguko ambao sikio linaujua hata likiwa usingizini, na hiyo ni faida. Acha tatu za mwanzo kama zilivyo. Ya nne, badala ya G, weka B flati meja. G ina nota G, B na D. B flati ina B flati, D na F. D iko kote kuwili, kwa hiyo melodi ikishika D pale, mwimbaji habadilishi kitu, kilichohama ni sakafu aliyosimamia. Halafu kurudi Am, besi inashuka nusu toni, wakati zamani ilipanda toni nzima kutoka G. Unafika nyumbani kama mtu aliyekosa kidato cha mwisho cha ngazi.

Tahadhari: kama melodi yako inapita kwenye B ya kawaida hapo, itagongana na B flati. Ishushe nusu toni, au ihamishie D. Usiiache ukijipa moyo kwamba ni ujaribio. Itasikika kama mwimbaji amekosea, na mtu aliyekosea hatishi mtu.

Usiiweke kila mzunguko pia. Ubeti wa kwanza piga mizunguko mitatu na G yako, wa nne ndio ulete B flati. Kwenye kiitikio rudi G kabisa, msikilizaji apumue. Ubeti wa pili ilete kwenye mzunguko wa pili, kabla hajaitegemea.

Jambo jingine ambalo wengi hawapendi kulisikia: maina si giza. Maina ni huzuni, na huzuni na hofu ni vitu viwili. Pop nyingi za aina hii zinazouma kweli ziko kwenye meja. Jaribu hili kwenye kibodi. Kidole kimoja kishike nota ya C mapigo 16 bila kuiachia. Chini yake piga kodi nne, mapigo manne kila moja: C meja, A flati meja, F maina, D flati yenye saba kubwa. Kwenye kodi ya kwanza ile C ni mzizi. Kwenye ya pili ni nota ya tatu, kwenye ya tatu ni ya tano, na kwenye ya nne ni ya saba, inayokwaruzana na D flati iliyo jirani yake kwa nusu toni. Kidole hakijasogea. Hata mtoto angeimba melodi hiyo, ni nota moja tu! Lakini chumba kimezunguka.

Cha mwisho kwenye kodi ni mvumo. Weka nota ya A, 110 Hz, isiyokatika tangu mwanzo hadi mwisho. Osileta (vizalishaji sauti vya sintesaiza) mbili za wimbi la msumeno, ya kwanza 110 kamili, ya pili 110.7, filta ikate juu ya 600 Hz. Tofauti ya 0.7 inafanya sauti ivimbe na kunywea mara moja kila sekunde 1.4 hivi, na hiyo haiendani na mapigo yako 92, ndivyo tunavyotaka. Chini ya Am mvumo huo ni mzizi, chini ya F ni nota ya tatu, juu ya C ni ya sita tamu. Ukifika B flati unakuwa ya saba kubwa. Kodi tatu ni mgeni mwema, ya nne anakunja uso.

Ufundi huu si mpya. Tomorrow Never Knows ya The Beatles, 1966, besi yake haitoki kwenye C wimbo mzima. Velvet Underground, kwenye albamu yao ya kwanza ya 1967, walikuwa na gitaa ambalo nyuzi zake zote zimetuniwa nota moja, na viola ya John Cale ikivuma juu yake.

---

kanda_mbili

Nakubaliana na mkuu hapo juu kwamba wimbo upotoke mahali pamoja, ila sikubali kwamba mahali penyewe ni kodi. Huo wimbo wa 1966 alioutaja karibu wote uko kwenye kodi moja, na bado baada ya miaka 60 unasikika kama umetoka kwenye kisima. Kodi moja haiwezi kuwa ndiyo siri. Siri ni sauti zisizo na asili.

Sikio hutambua chombo kwa mwanzo wa sauti kuliko kwa mwili wake. Chukua nota ya piano, kata milisekunde 100 za mwanzo, pale nyundo inapogonga waya, na wengi watapata shida kusema ni piano. Igeuze nyuma mbele na inaanza kufanana na akodiani. Halafu kuna hili: sauti inayokua, sikio huichukulia kama kitu kinachokuja. Inayofifia ni kitu kinachokwenda. Vyombo vya kugonga na kukwanyua vyote huanza kwa nguvu vikafifia, kwa hiyo ukivigeuza, kila nota ni kitu kinachokusogelea kisha kinakatika usoni pako. Hapo huhitaji maneno ya kutisha.

Kosa lako, koroboi_7, ni kugeuza kipande kirefu na kukiacha kipite wimbo mzima. Baada ya sekunde 10 sikio limeshakizoea, kimekuwa mapambo ya ukutani. Kitoe. Tumia riverbu ya kinyume kwenye neno moja tu, tuseme neno la kwanza la kiitikio.

Inafanywa hivi. Nakili neno hilo kwenye chaneli mpya pamoja na sekunde 3 za ukimya zinazolitangulia. Geuza kipande chote nyuma mbele, sasa ukimya umehamia mwishoni. Weka riverbu ya sekunde 3 kwa asilimia 100, yaani sauti kavu isipite kabisa. Rekodi matokeo kuwa faili mpya. Igeuze tena na uipange pale ilipokuwa. Utapata wimbi linalochomoza toka kimya na kuishia pale pale neno linapotamkwa, na neno lenyewe kwenye chaneli ya awali linabaki kavu.

Yanayoharibika ni yale yale kila siku. Wengine hunakili neno bila ule ukimya, programu inaukata mkia wa riverbu, na wimbi linaanza ghafla kama mlango uliofunguliwa kwa teke. Wengine mstari unaotangulia unaimbwa hadi mwisho, kwa hiyo wimbi linalala juu ya maneno. Acha angalau mapigo 4 matupu, ambayo kwa 92 ni sekunde 2.6. Na chini ya 250 Hz kata, la sivyo ni uji.

Sasa kasi. Huu ndio ufundi ninaouthamini kuliko yote, na programu za kisasa zinauficha. Ukipunguza kasi ya tepu, kila kitu kinashuka pamoja: pichi, pumzi ya mwimbaji, mtetemo wa sauti, mlio wa snea. Mwili mzima wa sauti unakuwa mzito. Plagini ya kubadilisha pichi haifanyi hivyo, inashusha nota na kuacha muda ulivyo. Kila nusu toni ni mara 1.0595. Unataka wimbo uishie A maina kwa 92? Rekodi gitaa, besi na dramu kwa B flati maina kwenye mapigo 97.5, kisha shusha. Kwa sauti unaweza kufanya kinyume: mwimbaji aimbe A flati maina juu ya miksi ya muda iliyoshushwa hadi 86.8, kisha ipandishe. Sauti inarudi nyembamba kidogo, ya umri usioeleweka, si mtoto wala si mtu mzima. Hakikisha tu umezima ile sehemu ya programu inayolinda pichi wakati kasi inabadilika, maana mara nyingi huja ikiwa imewashwa, na mtu anakaa saa nzima akishangaa kwa nini hakuna kinachoshuka.

Strawberry Fields Forever ya The Beatles, 1967, imeunganishwa kutoka rekodi mbili zenye kii tofauti na kasi tofauti. Kasi za tepu zilirekebishwa hadi zikakutana, na kiungo kiko karibu na dakika ya kwanza. Ule uzito wa ajabu wa sauti ya Lennon baada ya hapo haukutoka kooni mwake, umetoka kwenye mota ya mashine.

Kuhusu lupu: tengeneza mbili zenye urefu usiogawanyika, sekunde 7 na sekunde 11. Zitakutana kila sekunde 77, yaani ndani ya wimbo wako wa sekunde 190 zitakutana mara mbili tu baada ya kuanza. Usiziache zikilia muda wote. Weka fada (kitelezi cha sauti) chini na uzipandishe kwa mkono wakati wa kumiksi, kama The Beatles walivyofanya 1966 kwa lupu zilizokuwa zikizunguka kwenye mashine kadhaa kwa pamoja. Kama una rekoda halisi ya tepu inayokwenda sentimita 19 kwa sekunde, lupu ya sekunde 7 ni sentimita 133 za tepu. Kata kiungo kwa pembe ya digrii 45, ukikata mraba utasikia "tak" kila mzunguko. Na izungushe kwenye kitu laini, kama penseli, ikae imenyooka. Ikilegea, pichi inayumba, ingawa hapa kuyumba huenda ndiko ulikokuja kukitafuta.

---

bila_gitaa

Kodi sawa, tepu sawa, ila hakuna aliyemgusa mwimbaji, na yeye ndiye anayeua nyimbo za namna hii. Watu wakisikia "giza" wanaanza kunong'ona, kulia, kukoroma. Hapana. Muziki ukiwa umepinda, sauti inyooke. Kwenye albamu ya 1968 ya bendi iitwayo The United States of America, Dorothy Moskowitz anaimba kwa utulivu kama anayesoma ratiba ya treni, wakati nyuma yake fidla ya umeme na ringi modyuleta vinararua ukuta. Bendi yenyewe haikuwa na mpiga gitaa. Broadcast, bendi ya Birmingham, walijifunza mengi kutoka hapo, na Trish Keenan alikuwa na utulivu ule ule.

Maiki iwe sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, kichujio cha pumzi katikati. Sauti isitetemeshwe mwisho wa mstari. Kompresa 4 kwa 1, ipunguze dB 4 hadi 6. Riverbu sifuri kwenye beti. Sauti kavu na ya karibu ndani ya muziki wa mbali ina maana moja tu kwa sikio: mtu huyu yuko chumbani kwako, na vile vingine vyote viko nje dirishani.

Ringi modyuleta isiwekwe ovyoovyo. Inatoa jumla na tofauti ya masafa mawili, vyenyewe vya awali vinapotea. Ukiiweka 110 Hz, nota ya A ya 220 inatoa 110 na 330, yaani A na E, hakuna ugomvi. E ya 330 inatoa 220 na 440, safi. Ila C ya 261.6 inatoa 151.6 na 371.6: ya kwanza iko katikati ya D na E flati, ya pili ni karibu F shapu, na zote mbili hazimo kwenye A maina. Kwa hiyo kinanda kikikaa nyumbani kinatulia, kikitembea kinachubuka. Ukiiweka masafa ya kubahatisha, kila nota inachubuka sawa, na tunarudi kwenye ule ukungu.

Maneno pia. Andika kama kitendawili ambacho hakuna anayepewa mji wala jibu. Na kama unaimba Kiswahili unayo silaha wengine hawana: mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kila mtu anautarajia. Usogeze mara moja tu. Neno "barabara" likitiwa mkazo kwenye "ba" ya pili ni njia ya magari, likitiwa kwenye "ra" ya kwanza ni "sawasawa". Melodi ikiligeuza katikati ya kiitikio, msikilizaji anajua amesikia kitu, hajui nini.

---

koroboi_7

Nawashukuru sana, wakuu. Mawili yamejitokeza baada ya kubadilisha kodi na kuweka mvumo.

1. Kwenye B flati mvumo haukunji uso, unanguruma kama injini ya lori. Besi inapigwa uzi wa G, freti ya 3.

2. Sauti ya kuimba nimeinakili kushoto na kulia, upande mmoja umechelewa milisekunde 1. Kwenye hedifoni ni pana ajabu. Kwenye spika ya simu inakuwa nyembamba, kama mtu anayeimba ndani ya bomba.

---

nusu_toni

La kwanza ni langu. Uzi wa G freti ya 3 ni B flati ya 116.5 Hz. Mvumo wako ni 110 na 110.7. Ukitoa, unapata mitetemo kati ya 5.8 na 6.5 kwa sekunde, na kwa masafa ya chini hivyo sikio haliisikii kama nota mbili, linasikia mngurumo mmoja. Hamia uzi wa A freti ya 1, ambayo ni oktavu chini, 58 Hz. Bado utabaki na mngurumo mdogo, kwa sababu besi yoyote ina sauti ya pili ndani yake iliyo mara mbili ya ya kwanza, na mara mbili ya 58.3 ni ile ile 116.5. Funga kitufe cha toni cha besi kwenye kodi hiyo, au punguza dB 6 kwenye 116 Hz kwa ikwalaiza. Ukitaka mvumo utoke kabisa kwenye njia ya besi, upandishe hadi 220.

Ila usiufute wote. Mngurumo huo ukitokea mara moja, kwenye B flati ya mwisho ya wimbo, ni zawadi.

---

fada_chini

La pili. Ukijumlisha sauti na nakala yake iliyochelewa milisekunde 1, zinafutana kwenye 500, 1500, 2500 Hz na kuendelea hivyo kila 1000. Hayo ni masafa ambayo maneno yanaishi. Hedifoni haijumlishi, kila sikio lina upande wake, ndiyo maana husikii. Spika ya simu inajumlisha. Ongeza uchelewaji ufike milisekunde 30, uyumbe taratibu 3 juu na 3 chini, na upande uliochelewa uwe chini kwa dB 6. Mashimo yatakuwepo bado lakini yatakuwa yamesongamana, kila 33 Hz, sikio halioni bomba tena. Huo ndio ufundi wa Ken Townsend pale Abbey Road, 1966, alioutengeneza ili waimbaji wasilazimike kuimba mara mbili. Kama mwimbaji hana uvivu, aimbe mara mbili tu. Ni bora kuliko mashine yoyote.

Sasa ukungu wenyewe, maana hakuna aliyeumaliza.

Ondoa riverbu kwenye chaneli zote. Zote, hata ile unayoipenda. Tengeneza chaneli moja ya pembeni yenye riverbu, sekunde 2.5, ianze baada ya milisekunde 80, kata chini ya 300 Hz na juu ya 4000. Kisha amua ni chombo kimoja kipi kitaishi humo. Kwa wimbo huu ningepeleka snea peke yake, au gitaa peke yake, kamwe si vyote viwili. Riverbu ya sekunde 6 kwa mapigo 92 ina maana kila kodi bado inalia wakati kodi mbili zinazofuata zimeshapigwa. Ile B flati mliyoitafuta kwa taabu inaingia ndani ya mabaki ya C na F, hakuna anayeisikia ikiteleza. Ukungu wako haukuwa wingi wa madoido tu, ulikuwa unafuta tofauti kati ya kodi na kodi.

Korasi kwenye besi izime. Besi ikiyumba, hakuna kitu kilichosimama, na tulishasema kitu kimoja lazima kisimame. Hali hiyo hiyo kwa dramu, ziache kavu na karibu mono. Silver Apples, 1968, walikuwa watu wawili: mmoja na rundo la osileta, mwingine na dramu. Osileta zinayumba zitakavyo kwa sababu dramu haziyumbi hata kidogo.

Dilei ya gitaa: isiendane na mapigo. Robo ya pigo, nusu ya pigo, hizo ni hesabu za kucheza dansi. Nusu ya pigo kwa 92 ni milisekunde 326, wewe weka 263. Namba hiyo haikuokotwa, ni uchelewaji wa rekoda yenye vichwa vilivyoachana sentimita 5 kwenye kasi ya sentimita 19. Marejeo (kiasi cha mwangwi kinachorudishwa ndani ya dilei) asilimia 40, na ndani ya marejeo kata juu ya 2500 Hz ili kila mwangwi uwe mweusi kuliko uliotangulia. Mwishoni mwa ubeti wa pili peleka marejeo kidogo juu ya 100 kwa mapigo manne. Itaanza kujilisha yenyewe na kupanda, kisha irudishe 40 ghafla kiitikio kikianza. Mkono ukae kwenye kitufe na uweke limita (kizuizi cha sauti kubwa mno) baada yake, vinginevyo inakula spika.

Mvumo uwekwe hivi: upandishe hadi usikike wazi, kisha shusha hadi usiutambue tena, kisha rudisha dB 2. Kipimo ni kuuzima katikati ya ubeti. Msikilizaji ainue kichwa kana kwamba friji imezimika, bila kujua alichokuwa akisikia.

Spika ya Leslie, ile inayozungusha sauti, kama unayo ya programu, usiiwashe muda wote. Kasi yake ya taratibu ni chini kidogo ya mzunguko 1 kwa sekunde, ya haraka ni kati ya 6 na 7. Uzuri wake hauko kwenye kasi yoyote kati ya hizo, uko kwenye safari ya kutoka moja kwenda nyingine, pale pembe ya juu inapofika kabla ya rota nzito ya chini. Peleka sauti ya kuimba humo kwenye ubeti wa mwisho peke yake, kama Tomorrow Never Knows inavyofanya nusu ya pili. Nusu ya kwanza haimo.

Anayetaka kusikia riverbu inafanya nini kwa wimbo ule ule, atafute Africa ya Amanaz, zamrock ya Zambia, 1975. Ipo kwa miksi mbili, moja kavu, nyingine imelowa riverbu. Bendi ni ile ile na nyimbo ni zile zile, lakini unatoka na hofu mbili tofauti. Binafsi nasimama na ile kavu, najua nitapigwa mawe.

---

kanda_mbili

Mawe ya kwanza haya hapa: iliyolowa ndiyo yenyewe. Tutabishana kwenye uzi mwingine.

---

koroboi_7

Riverbu zimetoka, B flati sasa inasikika. Swali dogo la mwisho: sintesaiza hii haina Hz kwenye kutuni, inaonyesha senti tu. Hiyo 110.7 ni senti ngapi?

---

nusu_toni

Senti 11, ambapo senti 100 ni nusu toni. Ila ukisikiliza ushauri wa kuupandisha mvumo hadi 220, usiache 11. Senti ni uwiano, si umbali, kwa hiyo senti 11 zile zile zinakupa 1.4 kwa sekunde kwenye 220, na 2.8 kwenye 440. Mvumo utaanza kutetemeka badala ya kupumua. Kwa 220 weka 5 au 6, kwa 440 weka 3. Na zima ile sehemu ya sintesaiza inayoanzisha osileta zote mahali pamoja kila ukibonyeza kitufe. Ikiwa imewashwa, uvimbe unaanza upya kila nota na programu ikirudia kipande utausikia ukiruka.